Shingo ya Lindi, Mkono wa Mwenge

Mtu akikuletea sanamu ya dinosaria mwenye shingo ndefu akataka maoni yako, usianze na kichwa. Anza na mguu wa mbele. Watengenezaji wengi huupa mguu huo kucha tano zinazofanana, kama za tembo, kwa sababu mnyama ni mzito na tembo ndiye mzito tunayemjua. Mifupa inasema vingine. Wanyama hawa walisimama juu ya mifupa ya kiganja iliyopangwa wima katika nusu duara, ikashikana ikawa nguzo, na ukucha wa maana ulikuwa mmoja tu, wa kidole gumba, umeelekea ndani. Aliyeweka ukucha mmoja alikaa na michoro ya mifupa kabla hajashika udongo. Aliyeweka tano alimtazama tembo akamvuta shingo.

Sanamu hizi zimejaa mjini kuliko watu wanavyodhani. Tandika, Mbagala Rangi Tatu, na upande wa Kinondoni kule Tegeta, midoli ya mtumba humwagwa juu ya turubai, na chini ya magari yasiyo na magurudumu na wanasesere wasio na nguo hutokea mjusi. Wauzaji huwaita wote hivyo, mjusi. Wengi ni plastiki nyepesi yenye tundu tumboni. Lakini belo lililotoka Ulaya hubeba vitu vya watoto wa huko ambao sasa ni watu wazima, na mara mojamoja humo hutoka sanamu ya kampuni ya Schleich ya Ujerumani au Safari ya Marekani: nzito mkononi, rangi imechubuka mgongoni, jina la mnyama limechapwa tumboni kwa herufi ndogo. Ukiiweka juu ya meza inasimama yenyewe kwa miguu yote minne, bila kuyumba. Hapo ndipo unapojua kuna mtu aliyeihangaikia.

Tunaozikusanya hatuko wengi, na mazungumzo yetu huishia mahali pamoja: mwakani watatoa nini? Kampuni kubwa hutangaza sanamu zao mpya kuelekea mwisho wa mwaka na mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na wakusanyaji wa dunia nzima hungoja habari hizo kama watu wa Dar wanavyongoja usajili wa Simba na Yanga. Wapo wanaoomba Tyrannosaurus mwingine, ingawa hakuna rafu isiyo naye. Mkusanyaji wa Temeke au Kinondoni ana sababu ya kutaka kitu kingine. Ardhi ya nchi hii imetoa dinosaria wengi na wa ajabu, wengi wao hawaonekani kabisa madukani, na mafundi wenye mikono ya kuwaunda wanakaa mwendo wa daladala moja kutoka tulipo.

Kwanza niieleze kazi yenyewe, maana anayeiona sanamu imekamilika haoni ilikopitia.

Fundi huanza na mchoro wa kiunzi cha mifupa, wa ubavuni, na akibahatika wa juu na wa mbele pia. Huupunguza hadi kipimo alichopewa. Kipimo kinachopendwa sana ni 1:40, ambapo kila mita ya mnyama inakuwa sentimita mbili na nusu, na mtu mzima anakuwa na kimo cha sentimita nne na kidogo. Halafu hukunja waya kufuata uti wa mgongo na miguu, akaupaka udongo laini wa kuchongea, na kujenga misuli mmojammoja juu ya mahali mifupa inapoonyesha ilishikilia. Ngozi ndiyo ya mwisho. Siku hizi wengi hufanya haya yote kwenye kompyuta, lakini mpangilio haujabadilika: mfupa, msuli, ngozi. Anayeanza na ngozi huumbuka mnyama anapotazamwa kwa mbele, kwa sababu mchoro wa ubavuni humfundisha mtu urefu na kimo, haumfundishi upana.

Walioifanya kazi hii vizuri wanajulikana. Miaka ya 1970 na 1980 kampuni ya Invicta ya Uingereza ilitoa sanamu kwa kushirikiana na makumbusho ya elimu ya viumbe ya London, kila mnyama kwa plastiki ya rangi moja, kwa hiyo hapakuwa na rangi ya kufunika kosa la umbo. Mwaka 1988 Safari ilianza mfululizo wake na makumbusho ya Carnegie ya Pittsburgh, ambao uliendelea hadi 2015, na nyingi kati ya sanamu zake zilitoka mikononi mwa Forest Rogers. Miaka ya 1990 Dan LoRusso wa Boston alichongea kampuni ya Battat wanyama ambao hadi leo wakusanyaji hawakubali kuwauza. Baadaye wakaja Doug Watson kwa Safari, Anthony Beeson kwa CollectA, na Zhao Chuang wa Beijing kwa PNSO. Ukizipanga kazi za hawa kwa miaka utaona mkia ukiinuka kutoka ardhini, miguu ikisogea chini ya mwili, midomo ikijifunga juu ya meno. Elimu ya dunia kuhusu wanyama hawa imepita humo, sanamu baada ya sanamu.

Kutoka kwa mchongaji kazi huenda kwa mtengeneza kalibu, na hapa ndipo wanyama wengi huumia. Kalibu ni ya chuma na gharama yake ni kubwa. Plastiki moto inamiminwa, inapoa, kisha lazima itoke bila kukwama. Kila mwiba uliojikunja na kila mkono uliobanwa kifuani ni mahali pa kukwama, kwa hiyo mnyama hugawanywa vipande, na vipande huunganishwa baadaye. Fundi mzuri huuficha mshono kwenye kunjo la ngozi au chini ya ukingo wa msuli. Baada ya hapo rangi: ya kwanza hupulizwa, mistari hupulizwa kupitia kibao kilichokatwa matundu, na jicho hutiwa mwisho. Jicho la mnyama wa 1:40 ni nukta, na nukta hiyo ikikaa nusu milimita pembeni mnyama mzima anakuwa zuzu. Nimeona sanamu zenye umbo zuri ajabu zilizoharibiwa na jicho, na nyingine za kawaida zilizookolewa nalo.

Joto letu nalo lina neno katika jambo hili. Plastiki ya sanamu hizi hulegea, na mnyama mwenye shingo ndefu akiachwa dirishani mwezi wa Februari, shingo hushuka na miguu ya mbele huanza kupinda. Dawa inajulikana kwa wakusanyaji wote: mtumbukize katika maji ya moto mpaka alainike, mnyooshe taratibu kwa vidole, mshikilie hivyo, kisha mtie katika maji ya barafu. Atasimama. Fundi anayejua kwamba sanamu yake itafika nchi za joto humpa mnyama huyo miguu minene kidogo kuliko mifupa inavyodai, au huweka fimbo ndani ya mguu. Hiyo nayo ni sehemu ya ufundi, na sijawahi kuiona ikisifiwa.

Sasa tuje kwa mnyama wetu mkubwa. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, alifikishiwa habari za mifupa mikubwa iliyojitokeza karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yalichimba hapo, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba hasa ni mamia ya watu wa kusini yetu, chini ya msimamizi wao mkuu Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuitoa mifupa katika udongo bila kuivunja. Mingi ilifungwa kwa mianzi na udongo, ikabebwa kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 ziliondoka. Bunge letu limekwisha kuulizwa zaidi ya mara moja habari za mjusi huyo, na wengi wetu tunamjua kwa njia hiyo tu, kama hoja ya bungeni.

Yeye mwenyewe amesimama Berlin tangu 1937. Kimo chake ni mita 13.27, na hutajwa kuwa kiunzi cha dinosaria kirefu kuliko vyote vilivyosimamishwa duniani. Janensch alimpa jina mwaka 1914 akamweka katika ukoo wa Brachiosaurus, mnyama aliyekwisha kupatikana Colorado na kupewa jina na Elmer Riggs mwaka 1903. Yule wa Marekani alikuwa hana kichwa, shingo karibu yote haikuwapo, na sehemu kubwa ya miguu ilikosekana. Huyu wa Lindi alikuwa na vyote hivyo, vikikusanywa kutoka kwa zaidi ya mnyama mmoja. Basi kila mchoraji na kila mchongaji aliyetaka kumwonyesha Brachiosaurus alikwenda kumtazama wa Berlin. Mwaka 1988 Gregory Paul alisema wanyama hawa wawili wana tofauti za kutosha kutengwa, na akampa wetu jina Giraffatitan. Mwaka 2009 Michael Taylor alizipitia tofauti hizo mfupa kwa mfupa na kuonyesha kwamba wanastahili kila mmoja ukoo wake. Mmarekani ana kiwiliwili kirefu zaidi. Wetu ni mfupi wa mwili, mabega yako juu, mgongo unateremka kuelekea mkiani.

Chukua sasa sanamu yoyote ya zamani iliyoandikwa Brachiosaurus, ile uliyoikuta Tandika. Tazama mgongo unavyoteremka, tazama paji la pua lililoinuka juu ya macho. Huyo ni wa Lindi. Kwa miaka mingi watoto wa dunia wamecheza na mnyama wa Tendaguru, na jina lililochapwa chini yake ni la Colorado.

Kwa hiyo tumaini la kwanza la mkusanyaji wa hapa ni Giraffatitan mwenye jina lake, aliyeundwa kwa elimu ya leo. Kwa 1:40 atakuwa na kimo cha sentimita 33, mnyama wa kujaza meza ya kahawa kwa urefu. Elimu ya leo inataka nini? Inataka mkia usiokokota ardhini. Berlin yenyewe ilikivunja kiunzi chake na kukisimamisha upya, kazi iliyokamilika 2007, ikainua mkia na kunyoosha miguu ya mbele iliyokuwa imepanuka kama ya mamba. Inataka tundu za pua ziwe mbele, karibu na mdomo, kama Lawrence Witmer alivyoonyesha mwaka 2001, na si juu ya paji ambako wachoraji wa zamani walizipeleka wakidhani mnyama huyu aliishi ndani ya maji na kupumua kama kiboko. Na inataka ule ukucha mmoja. Shingo isimame wima kiasi gani, wataalamu bado wanabishana, na hapo mchongaji ana haki ya kuamua. Mimi ningeiinua, lakini si wima kama mlingoti. Ningeiacha ielekee mbele kidogo, kwa mnyama anayetembea.

Aliyebahatika zaidi kati ya wenzake wa Tendaguru ni Kentrosaurus. Hennig alimpa jina mwaka 1915. Ana urefu wa mita nne na nusu hivi, vibamba shingoni na mabegani, na kuanzia katikati ya mgongo vibamba hivyo hugeuka miiba mirefu hadi ncha ya mkia. Umbo lake linauza, na Schleich na CollectA wote wamemtoa. Ana mwiba mmoja mkubwa wa pembeni, kila upande, ambao Hennig aliuweka nyongani. Baadaye jamaa zake wa China walipatikana mwiba huo ukiwa begani, na siku hizi wengi wanauweka hapo. Mtazame Kentrosaurus wako: mwiba ukiwa nyongani, aliyemwunda alifuata maandishi ya zamani, ukiwa begani, alisoma mapya. Kwa mtengeneza kalibu mnyama huyu ni mateso, na kwa sheria za midoli ya watoto miiba yake lazima iwe butu na laini. Bado sijaona Kentrosaurus ambaye mkia wake unanipa hofu. Mkia huo ulikuwa silaha yenye uwezo wa kuzunguka upande kwa upande, na sanamu nyingi humweka amesimama tu, kama aliyeambiwa asubiri. Ninamtaka aliyegeuka nusu, miguu ya nyuma imekita, mkia ukiwa tayari kupiga.

Kisha wako wanaongoja. Dicraeosaurus wa Tendaguru ana shingo fupi kuliko desturi ya jamaa zake, na mifupa ya mgongo iliyopanda juu na kugawanyika mara mbili kama panda. Fundi anayempa mwili hulazimika kuamua kama panda hizo zilifunikwa na nyama au zilionekana kama matuta mawili, na hakuna anayeweza kumwambia kwa hakika amekosea. Elaphrosaurus, aliyepewa jina na Janensch mwaka 1920, ni mwembamba, mita sita hivi, shingo ndefu, mbio miguuni. Kichwa chake hakijapatikana. Kwa miongo mingi alichorwa kama mbuni mwenye mkia, mpaka Oliver Rauhut na Matthew Carrano walipomchunguza upya mwaka 2016 na kumweka karibu na Limusaurus wa China, ambaye akikua hubaki na mdomo usio na meno. Mchongaji wa leo basi ana njia ya kumpa kichwa cha kuaminika. Dysalotosaurus naye ana utajiri wa namna nyingine: shimo la Kindope lilitoa mifupa ya wengi pamoja, wadogo kwa wakubwa, na mtu anaweza kuunda kundi zima, kutoka mtoto hadi mzazi, kila mmoja kwa mifupa yake. Sijui sanamu ngapi duniani zinaweza kujivunia hilo.

Kusini magharibi, katika miamba ya Songwe na bonde la Rukwa, wamepatikana wengine wa zama za baadaye. Shingopana alitangazwa mwaka 2017, na mifupa ya shingo yake ina uvimbe juu usio wa kawaida. Mwaka 2019 Eric Gorscak na Patrick O'Connor walimtangaza Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyechimbwa katika ukingo wa mto Mtuka kwa misimu kadhaa. Mtanzania anayesikia jina hilo hahitaji kufundishwa. Pingili za katikati ya mkia wake, ukizitazama kwa nyuma, zina umbo la moyo, na hapo mchongaji anapata mtihani, kwa kuwa nyama na ngozi zitaufunika moyo huo wote. Ombi langu kwa yeyote atakayemtoa ni hili: mnyama asimame juu ya kibao, na pembeni ya kibao iwekwe pingili hiyo moja, kwa ukubwa unaoonekana. Mtoto aishike kando ya mnyama ajue walichokiona wachimbaji.

Aliye mgumu kuliko wote ni Nyasasaurus. Mifupa yake ilikusanywa miaka ya 1930 na Rex Parrington huko Ruhuhu, karibu na Ziwa Nyasa, ikakaa makabatini, na jina likatangazwa rasmi mwaka 2013. Huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana, miaka milioni 240 na zaidi, au ni jamaa wa karibu sana wa dinosaria. Lakini kilichopo ni mfupa wa mkono wa juu na pingili chache. Mchongaji mwaminifu atamuunda vipi? Naona njia moja: amuunde kwa kufuata jamaa zake wanaojulikana vizuri, kama Asilisaurus wa miamba hiyohiyo ya Ruhuhu, kisha zile sehemu ambazo mifupa yake ipo azipe rangi kamili, na zile za kukisia aziache rangi moja iliyofifia. Sanamu ya namna hiyo itamwambia mnunuzi ukweli wote.

Nimesema mafundi wako karibu. Nenda Mwenge, kwa wachonga vinyago, asubuhi kabla watalii hawajaja. Waamkie wazee waliokaa chini ya vibanda, omba nafasi, ukae utazame. Gogo la mpingo linafika likiwa na weupe wa nje. Shoka linaondoa weupe, tezo linatoa umbo la jumla kwa mapigo mafupi yanayofuata nyuzi za mti, kisha patasi na nyundo, kisha tupa, kisha msasa, wa mkwaruzo mkubwa kwanza na laini mwisho, kisha kung'arisha mpaka mti utoe mwanga wake wenyewe. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mgumu hivi kwamba patasi hunolewa tena na tena kabla ya saa sita mchana. Fundi hapimi kwa rula. Anageuza kipande, anakitazama kwa juu, kwa mbele, kwa nyuma, anakigeuza tena. Ule upana ambao mchoro wa ubavuni hauufundishi, yeye anao mkononi.

Mtazame anayechonga twiga. Shingo na miguu vyote vinakwenda wima, kwa hiyo anausimamisha mti ili nyuzi zake zipande pamoja navyo. Akiulaza, shingo itakatika kwa pigo la kwanza. Sasa mpe Giraffatitan. Shingo wima, miguu wima, sawa. Mkia je? Mkia umelala, unakata nyuzi, na utavunjika. Mchongaji wa plastiki hana tatizo hili, lakini fundi wa mti amekaa nalo maisha yake yote kwa wanyama wengine. Atatafuta gogo lenye panda, mahali tawi lilipoachana na shina, ambapo nyuzi zenyewe zinapinda kutoka kwenye kusimama kwenda kwenye kulala, na humo atamwona mnyama tayari. Wamakonde wamefanya hivyo miaka mingi, kumfuata kiumbe aliyeko ndani ya mti kwa umbo ambalo mti wenyewe umelileta. Nimewaza sana juu ya panda hiyo, na naamini Giraffatitan wa mpingo mwenye mkia uliotokana na tawi halisi angekuwa na nguvu ambayo plastiki haiwezi kumpa.

Wapo watakaosema mchongaji wa Kimakonde si mtumwa wa mifupa, kwamba utukufu wa kazi hiyo uko kwenye shetani na kwenye ujamaa, watu wakibebana kutoka chini hadi juu, umbo lililotoka kichwani. Ni kweli, na sitaki mtu yeyote aache hayo. Lakini fundi yuleyule huchonga tembo, na tembo wake hana masikio ya kubuni. Utii kwa mnyama anaujua. Na dinosaria anaacha nafasi kubwa ya ubunifu: ngozi yake ilikunjika wapi, alisimama vipi akisikia hatari, alikuwa na rangi gani. Kwa rangi, sina haja ya kwenda mbali. Oysterbay wachoraji wa Tingatinga wanajua kuweka doa juu ya doa kwa rangi ya mafuta hadi mnyama apumue, kazi iliyoanzishwa na Edward Said Tingatinga mwaka 1968.

Na mpingo wenyewe unatoka wapi? Sehemu kubwa ya sifa yake iko kusini, mkoa uleule wa Lindi, ambako vijiji vya Kilwa vilivyotunza misitu yao vilipata cheti cha kimataifa mwaka 2009. Mti huu hukua polepole, miongo mingi kabla haujafaa kuchongwa, kwa hiyo sitaki kuona mijusi wadogo wa mpingo wamerundikwa kwa mamia. Kwa kazi za kila siku mkongo na mninga vinatosha. Mpingo uachiwe mnyama mmoja mkubwa, afanywe mara moja na vizuri.

Kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Michoro ya viunzi, ya ubavuni, juu na mbele, ichapwe kwa ukubwa wa gogo na ifike Mwenge. Mwalimu au mtu wa makumbusho akae na fundi siku ya kwanza, amweleze ukucha mmoja, pua za mbele, mabega ya juu. Siku zinazofuata fundi aachwe na mti wake. Sanamu hiyo ikishapatikana, inaweza kupigwa picha za pande zote na kutolewa kalibu, na wakusanyaji wa dunia wanaolalamika kila mwaka kwamba Giraffatitan mzuri ni adimu watakuwa na mahali pa kuagiza.

Kwa kampuni za nje nina ombi fupi. Mkimtoa mnyama huyu mwakani au mwaka wowote, mchapieni tumboni jina lake, na chini ya jina, kwa herufi ndogo kama kawaida yenu, andikeni Tendaguru, Lindi, Tanzania.